Mwangalie asiyesema: jibu kwa msomaji wa Tanga aliyerithi tamthilia

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani, naishi Ngamiani, Tanga. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na ameniachia kabati la vitabu ambalo nusu yake ni tamthilia: za Ebrahim Hussein, Penina Muhando, Edwin Semzaba, Said Ahmed Mohamed, na chache za kutafsiriwa. Riwaya nazisoma bila taabu, ila tamthilia zinanishinda. Kurasa chache tu nimeshachanganya nani anasema na nani, na naona watu wanabishana bila kituo. Nikimaliza nachukua daftari niandike nilichokipata, naishia kuandika dhamira na ujumbe kama nimerudi kidato cha nne. Je, inafaa kusoma tamthilia bila kuiona jukwaani? Na kama inafaa, nizisome vipi, nianze na ipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Mtu aliyetunza tamthilia miaka yote hiyo alizipenda kweli, maana familia ikihama nyumba, tamthilia ndiyo hutupwa kwanza. Ni kijitabu chembamba, jalada lake laini, na mtihani ukishapita hakuna anayekiulizia.

Nianze na hilo la kufaa. Inafaa sana. Nimefundisha uigizaji hapa Bagamoyo sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na furaha yangu ni kuona maneno ya kwenye karatasi yanapata miguu. Hata hivyo tuseme ukweli: nyingi kati ya hizo ulizozitaja hazichezwi siku hizi. Ukikaa Tanga ukingoja kikundi kije kucheza Mashetani ya Ebrahim Hussein, utangoja sana. Kilichobaki mikononi mwetu ni kitabu. Tena msomaji ana haki moja ambayo mtazamaji hana. Aliyekaa ukumbini anaona uamuzi mmoja, ule ambao mwongozaji na waigizaji wake walikubaliana. Wewe unaweza kumfanya mhusika aseme neno kwa hasira leo, kesho ukamfanya aseme neno lile lile kwa woga, ukaona tamthilia nzima inageuka mbele yako.

Taabu unayoipata inatokana na mazoea ya riwaya. Ndani ya riwaya kuna anayekusimulia: fulani kaingia, uso umemkunjamana, nje mvua inanyesha, moyoni anawaza hivi. Mwandishi wa tamthilia hayo kayaacha kwa makusudi, kwa kuwa alijua nyuma yake wanakuja watu wa kuyakamilisha: mwongozaji, waigizaji, wa taa, wa maleba, wa ngoma. Ukisoma peke yako nyumbani, kazi za watu wote hao zimekuangukia wewe. Ndiyo maana kurasa chache za tamthilia zinachosha kuliko sura nzima ya riwaya, na hupaswi kuzisoma kwa mwendo ule ule.

Jambo kubwa ninalotaka ulichukue kwenye jibu hili ni moja: ukisoma tamthilia, mwangalie asiyesema.

Kwenye karatasi, mwenye zamu ya kusema ndiye mwenye ukurasa. Jina lake limeandikwa pembeni, maneno yake yamejaza mstari, na yule aliyenyamaza anafutika kabisa akilini mwa msomaji. Jukwaani hafutiki. Yupo, kasimama, watu wote wanamwona. Anaposikia jirani yake anasingiziwa, uso wake unafanya jambo. Mke akimaliza kulalamika na mume asijibu, ukimya ule una uzito kuliko malalamiko yote. Tamthilia nyingi nzuri zimejengwa hapo, baina ya anayesema na anayesikiliza, na msomaji anayefuata majina ya wasemaji tu anapitwa na nusu ya kazi.

Nikupe mfano wa mbali kidogo. Mrusi Chekhov aliandika tamthilia juu ya familia ya watu wa enzi inayopoteza shamba lake la micheri, ikachezwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1904. Mwishoni wenyewe wanaondoka, wanaagana, wanalia, milango inafungwa. Kisha anatokea mtumishi wao mzee, Firs, mgonjwa, ambaye muda wote alikuwa akipita pita kuwahudumia huku wakimsikiliza nusu nusu. Wamemsahau ndani ya nyumba iliyofungwa, na huko nje shoka linasikika likikata miti. Msomaji asiyemwangalia Firs toka mwanzo anashangazwa na mwisho huo. Aliyemwangalia anauona unakuja, na unamuuma zaidi.

Au rudi kwenye kabati lako uchukue Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1988. Mume akishafariki, mjane wake na ukoo wa mume wanagombea pa kumzika. Ni habari iliyo karibu sana na ile kesi ya mazishi iliyoitikisa Kenya mwaka 1987. Kila mtu ana maneno: sheria, mila, mali, heshima. Asiye na neno ni marehemu. Soma ukiwa unaiona maiti ile kila wakati, hata pale isipotajwa, uone yale mabishano yanavyosikika. Watu wanamsemea mtu ambaye hawezi tena kuwakana. Hilo dhamira ya daftari la shule haikufikishi.

Sasa utamwangaliaje mtu asiyeonekana ukurasani? Njia yangu ni ya mikono. Chukua vifuniko vya soda, kila mhusika kifuniko chake, andika herufi ya kwanza ya jina lake juu. Kwenye meza chora jukwaa kwa chaki au tandaza gazeti: mlango huu hapa, kiti kile kule, mti nyuma. Mhusika akiingia, mwingize. Akitoka, mtoe. Asipotoka, mwache palepale hata kama kurasa tatu hajafungua mdomo. Wanafunzi wangu wakubwa kwa wadogo nimewafundisha hivi, na ndiyo dawa ya kwanza ya hilo la kuchanganya nani anasema na nani. Ukiviona vifuniko viwili vimebaki peke yake mezani, unajua haya ni maneno ya siri. Ukiona cha tatu kimesahaulika pembeni, unajua siri imevuja, hata kama mwandishi hajasema.

Ukifanya hivyo utaanza pia kuyaheshimu maelekezo ya jukwaani, ile mistari iliyolazwa au kuwekwa kwenye mabano, ambayo najua unairuka. Kila mtu anairuka. Kuna tamthilia ya Samuel Beckett, ilichezwa Paris mwaka 1953, juu ya watu wawili wanaomngoja mtu aitwaye Godot. Mwishoni mmoja anauliza kama waende, mwenzake anakubali kwamba waende. Kisha maelekezo yanasema hawasogei. Hebu fikiria umeruka mstari ule: umesoma tamthilia ya watu walioondoka, wakati mwandishi kaandika ya watu walioshindwa kuondoka. Ukishaielewa hiyo, itafute Amezidi ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1995, kama mzee alikuwa nayo. Ame na Zidi wamo pangoni, na humo pangoni maneno na matendo vinakwenda njia mbalimbali hivyo hivyo, ila njaa na majivuno yao ni yetu, ya kwetu huku. Isome ukiwa na utulivu. Usitafute kisa chenye mwanzo na mwisho, utakasirika bure.

Vitu navyo ni wahusika wasiosema. Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, ya Edwin Semzaba, karibu kila aliyesoma sekondari Tanzania anaikumbuka kwa kisa: kijana mtumishi anakwenda kijijini kuhesabu watu, anampenda Mazoea, binti wa Mitomingi, balozi aliyempokea, na kazi ya serikali inaharibika. Kitabu kilichapishwa mwaka 1988, mwaka ambao nchi ilifanya sensa. Kisome tena, safari hii macho yako yawe kwenye karatasi za sensa. Ziko wapi sasa? Nani kazishika? Ngoswe kaziweka wapi alipokwenda kwa binti? Kwa kazi iliyomleta, watu wa kijiji wanageuka hesabu ndani ya makaratasi yale, na baba aliyeibiwa mtoto anapoyatia moto, moto ule una maana mbili kwa wakati mmoja. Ni hasira ya mzazi, na ni kazi ya nchi nzima inayoteketea. Mtihani huuliza nani mwenye kosa. Swali hilo si baya, ila linakutoa machoni kitu kinachowaka.

Na Nguzo Mama ya Penina Muhando, ya mwaka 1982, imemrahisishia msomaji kazi, maana hapo kitu ndicho kiini. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo. Wanaijia kwa mipango, kwa vikao, kwa vikundi, na kila mmoja anavutwa upande wake na shida za nyumbani kwake. Nguzo iko palepale. Weka penseli mezani iwe ndiyo nguzo, ilaze, uache ilale muda wote unaosoma. Yupo Bi Msimulizi anayeongea moja kwa moja na watazamaji, na utajikuta unamtegemea kama ulivyozoea msimulizi wa riwaya. Usimtegemee mno. Wakati mwingine anasema, na nguzo iliyolala nyuma yake inasema zaidi.

Hapa nikae kidogo juu ya Kinjeketile, maana ndiyo ningependa uanze nayo, na ndiyo niliyoisoma na wanafunzi mara nyingi kuliko zote.

Ebrahim Hussein aliichapisha mwaka 1969. Wengi tunaijua kama tamthilia ya Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, na tunaisoma kama historia ya shujaa. Mwandishi mwenyewe katika utangulizi ametahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, asipimwe kwa yule wa historia. Chukua tahadhari hiyo kwa uzito. Kumbukumbu za historia zinasema Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinawaka. Hussein amemwacha aishi hadi watu wameshakufa kwa mamia mbele ya bunduki, hadi maji yameshaonekana kuwa hayazuii risasi, kisha ndipo akamweka mbele ya Mjerumani. Kwa nini? Kwa sababu alitaka kumpa uamuzi ambao mtu aliyenyongwa mwanzoni mwa vita asingekuwa nao. Mahali mwandishi alipoachana na historia ndipo panapoonyesha mkono wake, na msomaji mwenye subira anapaswa kusimama hapo.

Angalia namna inavyoanza. Kabla hatujamwona Kinjeketile, tunawaona wanawake wawili, mke wa Kitunda na mke wa Kinjeketile, na mazungumzo yao ni chakula. Wanaume wako kwenye shamba la Mjerumani, nyumbani njaa. Wanafunzi hupenda kukimbia sehemu hiyo wafike kwenye mto na kupagawa. Msiikimbie. Vita vyote vinavyofuata vimeota kwenye vyungu vya wanawake wale, na baadaye, wanaume wakishaanza kusema kwa sauti kubwa juu ya maji na bunduki, jiulize wanawake hawa wamekwenda wapi na vifuniko vyao viko wapi kwenye meza yako.

Kisha njoo pale Kinjeketile alipotoka majini mkavu, akiwa amepagawa, akawapa watu maji na umoja, na akasema kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Sisi wa pwani jina hilo la sultani wa Zanzibar hatuhitaji kufafanuliwa. Akirudiwa na akili zake na kuelezwa alichokisema, anatetemeka: tumtoe bwana mmoja ili tuingie kwa mwingine? Toka hapo hana amani. Watu wanaamini maji kuliko anavyoyaamini yeye. Soma kurasa zile ukimwangalia yeye wakati wengine wanashangilia. Wao ndio wenye maneno, na yeye ndiye tamthilia.

Mwisho anatakiwa atamke kuwa maji yalikuwa uongo. Anakataa. Nakuomba uusome mwisho huo mara tatu, na si kwa siku moja. Mara ya kwanza msome kama shujaa asiyetishika. Inakubali, maneno yanatosha. Mara ya pili msome kama mateka wa neno lake mwenyewe, mtu aliyeanzisha kitu kikamzidi nguvu na sasa hana njia ya kurudi. Inakubali pia, na inatisha. Mara ya tatu msome kama mtu ambaye hayaamini tena maji hata chembe, lakini anajua kwamba akiyakana, waliokufa watahesabiwa wajinga na umoja ule utazikwa pamoja nao, ndipo akachagua kulilinda neno na kuyaacha maji. Mimi nasimama na huu usomaji wa tatu, na kila nikiurudia naona Hussein kaupanga toka lile jina la Seyyid Said. Wewe huenda ukasimama kwingine. Huo ndio uhuru niliokwambia msomaji anao.

Soma kwa sauti. Najua nyumbani kuna watu, unaona haya. Basi wahusishe. Baada ya isha, kaeni barazani wawili watatu, wifi yako, jirani, kijana wa sekondari kama yupo, mgawane wahusika. Msiigize. Nakusisitizia hilo kwa sababu mtu ambaye hajazoea akianza kuigiza anapandisha sauti, na sauti ikipanda maneno yanajificha. Someni kwa sauti ya kawaida, polepole, na mkifika penye ukimya nyamazeni kweli, hesabuni moja hadi tano ndipo mwendelee. Utaona watu wanavyoanza kutazamana. Asiye na zamu ya kusoma akae pale pale asishike simu, maana yeye naye yumo. Na kama inawezekana malizeni kwa mkao mmoja. Tamthilia imeandikwa iishe usiku mmoja. Ukiikata vipande kwa wiki nzima, ile kamba aliyoivuta mwandishi toka mwanzo inalegea.

Zile za kutafsiriwa, hasa za Shakespeare, zina ladha yake kwa sauti. Kama mzee alikuwa na Juliasi Kaizari, Nyerere aliitoa mwaka 1963 na kuirekebisha baadaye, halafu Mabepari wa Venisi mwaka 1969, au Makbeth ya Samuel Mushi ya mwaka 1968, zisomeni kwa mapigo ya mistari yake. Watu wa Tanga mna masikio ya ushairi, hamtapata shida. Ila usianze nazo.

Sasa daftari. Ulichoandika kuhusu dhamira na ujumbe si kosa, ni mazoea ya mtihani, na mtihani una haja zake. Ila tamthilia haikuandikwa ili itolewe ujumbe kisha itupwe. Ningekushauri ukurasa wa kwanza wa kila tamthilia uchore jukwaa kama ulivyoliona, hata kwa mistari mibovu: mlango, mti, nguzo, nani kasimama wapi katika tukio lililokukaa moyoni. Chini yake andika tarehe na mliosoma nao. Halafu andika swali moja ambalo limebaki, swali la kweli linalokusumbua, kwa mfano: mke wa Kinjeketile alijua? Usilijibu. Baada ya mwaka au zaidi rudi kwenye tamthilia ile ile, soma upya, andika chini ya swali lako la zamani. Kutafakari ninakokujua mimi kunafanyika hapo, kwenye nafasi iliyo baina ya kusoma kwa kwanza na kwa pili, maana kitabu hakijabadilika na wewe umebadilika. Aliyesoma Lina Ubani ya Penina Muhando akiwa kijana asiyejua bei ya unga na aliyeisoma akiwa na nyumba ya kulisha wamesoma vitabu viwili.

Na kama mzee aliandika kwa penseli pembeni mwa kurasa, usifute hata alama moja. Walimu wa Kiswahili wa wakati wake waliandika pembeni mambo ambayo hawakuyasema darasani. Anapopigia mstari jambo ambalo wewe hukuliona, lirudie jambo lile kabla ya kuendelea. Umepata mtu wa kusoma naye.

Lipo jambo jingine ambalo mwenye mkusanyo wake mwenyewe anaweza kulifanya kuliko mwanafunzi wa maktaba. Usizipange tamthilia kwa majina ya waandishi. Zipange kwa mwaka wa kuchapishwa, kisha zitazame zikiwa zimesimama bega kwa bega. Kinjeketile 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, mtu anakufa akililinda neno la umoja. Mashetani 1971, mwandishi yule yule, na sasa vijana wawili, Kitaru na Juma, wanacheza mchezo wa shetani na binadamu chini ya mbuyu, mmoja wa familia iliyopanda, mwingine wa familia iliyoshuka baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, na urafiki wao haupati pa kukaa. Miaka miwili tu baina yake, na lile neno limeshaingia wasiwasi. Nguzo Mama 1982, Lina Ubani 1984 baada ya Vita vya Kagera na ugumu wa maisha ulioufuata. Kivuli Kinaishi ya Said Ahmed Mohamed mwaka 1990, nchi ya Giningi chini ya Bi Kirembwe, ambako watu wamelishwa wasichokijua na kukubali wanachoambiwa. Ukizipitia kwa mpangilio huo utasikia waandishi wanajibizana bila kutajana, na utaisikia nchi yako ikizeeka. Hakuna kitabu cha historia kitakachokupa hilo kwa namna hiyo.

Neno fupi juu ya kuvitunza, maana uko Tanga na upepo wa bahari haufanyi urafiki na karatasi. Vichapo vya miaka ya sabini vimebanwa kwa pini za chuma, na pini zikishika kutu zinakula karatasi. Usivifunge ndani ya mifuko ya plastiki, vinatoa jasho na kuota ukungu. Visimamishe, viachane kidogo, kabati lisigusane na ukuta wa nje, na siku ya jua kavu uvifungulie kivulini, si juani. Kilichoanza kuachia kurasa kifunge kwa uzi wa pamba, usikibandike kwa gundi ya utepe.

Ukipata nafasi, njoo Bagamoyo wakati wa tamasha la TaSUBa, ile taasisi ambayo wengi bado tunaiita Chuo cha Sanaa. Hufanyika kila mwaka. Kutoka kwenu unapita Segera hadi Msata, unakata kushoto, unaingia mjini kwa lami. Hutapata lazima tamthilia za kabatini kwako, utakuta zaidi ngoma, muziki na sarakasi, na michezo mifupi. Haidhuru. Kaa mbele, chagua mtu mmoja jukwaani asiye na kazi kwa wakati ule, aliyesimama tu pembeni akingoja, umtazame yeye. Ukirudi nyumbani ukafungua kitabu, utajua cha kuweka kwenye kurasa.

Kwa hiyo anza na Kinjeketile, kisha Ngoswe kwa kuwa kisa chake unakijua na utaona tofauti ya kusoma. Fuatisha Nguzo Mama mkiwa wengi barazani, ina sehemu za kutosha kwa wanawake na ni nadra kupata tamthilia ya namna hiyo. Mashetani iache ya nne, na ukiisoma usihangaike kwanza kujua shetani ni nani, fuata urafiki wa wale vijana wawili tu. Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, za Hussein pia, zilizochapishwa pamoja mwaka 1976, ni za mtu mmoja anayesimulia kwa mapigo ya kishairi. Hizo zisome peke yako, kwa sauti, nyumba ikiwa tupu. Ukikwama kwenye mbuyu wa Mashetani niandikie, uniambie Juma alikuwa amesimama wapi.